Kutuma pembe, ngozi au manyoya nje ya nchi ukiwa Dodoma: forodha ya mtandaoni iache iwe ya mwisho

Juzi Jumatatu asubuhi kaingia kijana ofisini kwetu hapa Majengo na boksi la mayai ya mbuni, yamechorwa vizuri kwa kweli, moja lina mbuyu, lingine twiga, lingine ngoma ya Wagogo, na pembeni kajazia manyoya kayafunga kwa uzi mwekundu. Ana mteja Ujerumani, keshalipa nusu ya hela. "Shikamoo mama," akaniambia, "mi nataka unijazie forodha tu, si siku hizi onlaini ni siku moja?" Marahaba mwanangu, kaa kwanza. Haya mayai umeyatoa wapi? "Kwa jamaa mmoja njia ya Kondoa." Huyo jamaa ana shamba la mbuni lenye leseni? Hajui. Alikupa risiti? Hamna. Basi nikafunga laptopu maana hapo hakukuwa na cha kujaza, tukaanza kuongea kuhusu mayai yenyewe.

Hiki kitu kinaniuma ndo maana nimekaa kukiandika chote. Wengi wanaoingia matatani sio majangili, ni vijana wa kazi za mikono na watu wenye maduka ya vinyago ambao wanadhani nyara maana yake ni meno ya tembo basi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaposema nyara inataja mnyama mzima na sehemu zake, pembe, jino, mfupa, kucha, kwato, ngozi, nywele, unyoya, hata yai. Kwa hiyo lile boksi lililochorwa vizuri, kama halina karatasi ya kuonyesha lilikotoka, ni nyara ya serikali iko mikononi mwa mtu asiye na kibali, na mahakama zetu zimeshafunga watu miaka 20 kwa kesi za kukutwa na nyara. Nilimwambia asilisafirishe kwenda popote, aende mwenyewe ofisi ya wanyamapori akaeleze kabla hajafuatwa, na yule mteja wa Ujerumani ampigie simu leoleo amwambie ukweli. Alinyong'onyea, lakini alikwenda.

Mfumo wa forodha unasoma karatasi ulizonazo, wenyewe haukuzalishii karatasi. Watu wanaanza na forodha kwa sababu ndo sehemu inayoonekana, kuna wakala, kuna namba ya malipo, kuna tarehe ya ndege, halafu wanarudi nyuma kutafuta kibali mzigo ukiwa tayari uko Dar unalipiwa stoo. Anzia porini, au shambani, au kwa fundi, kule kitu kilikotoka, halafu uje mbele.

Kwa hiyo swali la kwanza ni asili. Kama ni nyara ya uwindaji wa kitalii, tuseme imetoka Rungwa, Kizigo au Muhesi huko upande wa Manyoni ambako mizigo mingi inapita hapa kwetu, inatakiwa iwe na kibali cha kuwinda chenye jina la mwindaji, aina ya mnyama na idadi, na kampuni iliyomwindisha ndo inafuatilia hati za kuimiliki na kuitoa nje. Kama ni kitu cha shambani, mbuni au mamba, unataka karatasi za shamba na risiti ya mauziano yenye jina lako. Kama umenunua dukani, duka liwe na leseni ya biashara ya nyara, na usione aibu kuiomba uione, muuzaji halali anaitundika ukutani.

Swali la pili, mnyama wako yuko wapi kwenye CITES. Huu ni ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ulisainiwa Washington mwaka 1973, ukaanza kazi 1975, na Tanzania tumo tangu mwaka 1980. Una orodha tatu. Orodha ya Kwanza ndo kali kuliko zote, humo kuna chui, kakakuona wa aina zote, na tembo wetu wa Tanzania. Ya Pili ina simba, kiboko, mamba wetu, na twiga aliingizwa humo 2019 kwa hiyo wale waliozoea kutuma vitu vya mifupa ya twiga kienyeji wajue mambo yalibadilika. Ya Tatu ni wanyama ambao nchi moja imeomba msaada wa wenzake kuwalinda. Halafu kuna wanyama ambao hawamo kabisa, nyati, tandala mkubwa, pofu, hawa hawahitaji kibali cha CITES. Hata mbuni wa kwetu hayumo, wanaolindwa na mkataba ni wale wa nchi za Sahara na Sahel. Sasa hapa watu wanakosea sana, mtu akisikia hayumo CITES anadhani yuko huru. Hapana jamani. Kutokuwemo CITES kunakuondolea karatasi moja tu, sheria ya nyumbani iko palepale, kibali cha kutoa nyara nje bado unakitaka.

Na miti nayo imo, watu wa vinyago nisikilizeni. Mpingo uko Orodha ya Pili tangu Januari 2017, pamoja na karibu jamii yake yote. Kuna nafuu kwa vitu vilivyokwisha kutengenezwa, kama mbao ya mpingo kwenye mzigo mzima haizidi kilo 10 haihitaji kibali cha CITES. Kilo 10 za mpingo sio nyingi, ule mti ni mzito kama chuma, vinyago vitano vya maana umeshafika. Kwa hiyo pima kabla ya kumuahidi mteja, na mambo ya mazao ya misitu nenda TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu, na ukisafirisha barabarani hakikisha una TP yako, kile kibali cha kusafirishia mazao ya misitu.

Wanyama hai siongei sana. Serikali ilipiga marufuku kuwatoa nje mwaka 2016, na 2022 lilipotoka tangazo la kuruhusu waliobaki mazizini wasafirishwe lilisimamishwa haraka sana. Mtu akikuletea dili la kobe au kinyonga au ndege wa kusafirisha, achana naye.

Haya, vibali. Sisi wa Dodoma tuna bahati ambayo hatuitumii, wizara zote mbili unazozihitaji ziko Mtumba, Maliasili na Utalii na Mifugo na Uvuvi, unapanda daladala asubuhi unarudi mchana. Maombi mengi yanaanzia mtandaoni, unafungua akaunti kwa TIN yako, ile namba ya mlipakodi, na barua pepe, unaskani nyaraka, unasubiri namba ya malipo. Ila mimi kwa mzigo wa mara ya kwanza namshauri mtu aende physically akaonane na afisa na kopi zake mkononi, maana ukikosea jina la mnyama kwenye ombi utakuja kulisahihisha baadaye kwa tabu.

Kibali cha CITES cha kutoa nje kinaishi miezi 6. Hilo liandike ukutani. Msimu wa uwindaji unaanza Julai, mteja anataka pembe zake haraka, basi kampuni inakimbilia kibali wakati ngozi bado haijakauka na chumvi, halafu kule anakokwenda mteja bado hajapata kibali chake cha kuingiza, miezi inayoyoma, mzigo unakuja kuwa tayari kibali kimebaki na wiki mbili. Kwa mnyama wa Orodha ya Kwanza, mfano chui, kibali cha kuingiza cha nchi ya mteja ndo kinatangulia, bila hicho hapa hawakutolei cha kutoa. Na nchi za Umoja wa Ulaya zinadai kibali cha kuingiza hata kwa vitu vingi vya Orodha ya Pili, Marekani nao wanakitaka kwa simba. Kwa hiyo siku ya kwanza kabisa mwambie mteja akaulize mamlaka ya kwao, akutumie majibu kwa maandishi, wewe huku unakausha mzigo taratibu.

Kingine cha kukagua kibali kikitoka ni zile herufi. Kuna herufi ya lengo, H ni nyara ya uwindaji, T ni biashara, P ni matumizi binafsi. Kuna herufi ya chanzo, W ni porini, C ni aliyezalishwa kizuizini, R ni aliyetolewa porini akiwa yai au mdogo akakuzwa shambani. Usipokee bahasha ukaiweka kwenye mkoba. Kaa pale pale kwenye benchi usome kila mstari, jina, anwani ya mteja, idadi, herufi, tarehe. Nishaona kibali cha ngozi za mamba wa shamba kimeandikwa W, na hiyo herufi moja inabadilisha stori nzima ya mzigo ukifika ng'ambo.

Upande wa mifugo unachukua cheti cha afya cha daktari wa serikali, na huyu anaangalia mzigo wenyewe sio karatasi tu. Nakumbuka tandala mmoja wa Muhesi, pembe nzuri zimejipinda mara mbili na nusu, nje zimepakwa mafuta zinang'aa. Daktari akanusa, akaomba kisu, akaizungusha pembe moja ikachomoka kama kofia, ndani kwenye mfupa funza wamejaa. Pembe ya tandala sio kitu kimoja, kuna gamba la nje na mfupa wa ndani, na katikati hapo nyama inabaki ikioza. Zinatakiwa zichomolewe, mfupa uchemshwe usafishwe, zikaushwe, zirudishiwe. Fuvu hivyohivyo, lisiwe na nyama wala ubongo. Ngozi iwe imekaa kwenye chumvi ya kutosha mpaka imekuwa ngumu kama mbao. Ule mzigo ulirudi ukachemshwa upya, wiki mbili zikapotea, na kibali kinahesabu siku zake.

Sasa ndo tuje mtandaoni. Unahitaji TIN, na tamko la forodha lenyewe linaingizwa na wakala wa forodha mwenye leseni, unampa barua ya kumruhusu akufanyie kazi, invoisi, paking listi na vibali vyote. Mfumo wa forodha wa TRA unaitwa TANCIS, na kuna Dirisha Moja la Kielektroniki, TeSWS, ambalo limeunganisha TRA na taasisi zinazotoa vibali ili afisa asisubiri karatasi za kutembezwa kwa mkono. Kinachotengenezwa humo ni TANSAD, ndo tamko lako. Ukishalipia unachotakiwa kulipia kwa kontroo namba, kwa simu au benki, mfumo unaupanga mzigo wako, mingine inapita kwa karatasi, mingine inatakiwa ifunguliwe ionwe. Mzigo wa nyara wewe jipange kama utafunguliwa, usipofunguliwa mshukuru Mungu.

Hapa kwenye TANSAD ndo nataka tukae, maana ndo mizigo inapofia. Wakala wengi wazuri wanajua magari na kontena za vipuri, nyara wanaiona mara mbili kwa mwaka. Mwaka mmoja tulituma fuvu mbili za nyati na jozi ya pembe za pofu, vibali vyote tulikuwa navyo tena safi. Wakala, jina lake naliacha, akaandika kwenye maelezo ya bidhaa "mapambo". Neno moja. Afisa akafungua anaona mafuvu, karatasi inasema mapambo, wewe ungefanyaje? Mzigo ulikaa siku tisa, stoo inasoma, sisi tuko Dodoma tunapiga simu mpaka bando linaisha, na mwisho wa siku tamko likarekebishwa na adhabu tukalipa. Hakuna aliyekuwa mwizi pale, ni uvivu wa kuandika mstari mmoja.

Tangu siku ile silipi kitu kabla sijatumiwa rasimu ya TANSAD kwenye WhatsApp nikaisoma mstari kwa mstari na kibali kiko pembeni. Maelezo yanatakiwa yaseme kitu ni nini, cha mnyama gani kwa jina la kawaida na la kisayansi, vipande vingapi, kimetoka wapi, na namba ya kibali. Yaani fuvu la nyati lenye pembe, Syncerus caffer, moja, nyara ya uwindaji, namba ya kibali hii hapa. Na jina la kisayansi liandikwe vilevile kwenye kibali, cheti cha daktari, invoisi, paking listi na TANSAD, herufi kwa herufi. Mi huwa silichapi upya, nalikopi kutoka kwenye kibali nalibandika.

Idadi nayo. Kibali kinasema jozi 1 ya pembe, paking listi inasema vipande 2, TANSAD inasema 2. Wewe unajua ni kitu kilekile. Afisa wa Frankfurt aliyeko zamu ya usiku hajui, anaona kibali cha moja na mzigo wa mbili. Chagua lugha moja ya kuhesabu, ile ya kwenye kibali, uitumie kote. Na ngozi ya chui ina tagi yake isiyofunguka yenye namba, hiyo namba iandike kwenye paking listi, usiikate kwa sababu inaharibu muonekano, kuna mtu alishataka kufanya hivyo tukamzuia mlangoni.

HS kodi, yaani ile namba ya kimataifa ya kutambulisha aina ya bidhaa, pia usimuachie wakala abahatishe. Manyoya na ngozi za ndege zenye manyoya ziko 0505, pembe na kwato na kucha ambazo hazijafanyiwa kazi ya maana ziko 0507, zilizochongwa kuwa kitu kama kijiko zinakwenda 9601, na vitu vya mkusanyiko wa kizoolojia ndo 9705. Vinyago vya mbao ni 4420. Ukiwa na shaka waulize TRA wenyewe kabla ya kutuma tamko, kuuliza ni bure na kurekebisha ni pesa. Kama mteja anataka cheti cha asili cha bidhaa, hicho ni TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, nao wana ofisi hapa mkoani.

Ikifika safari ya Dar, tafadhali usiweke boksi la nyara kwenye buti la basi pale Nanenane kama mzigo wa kawaida ukampa kondakta elfu kumi. Likikaguliwa njiani anayekamatwa nalo ni yule dereva asiyejua kitu. Mzigo uende na mtu, na huyo mtu awe na kopi za vibali kwenye faili la plastiki na namba yako ya simu iliyo hewani. Vibali halisi mimi huwa nabeba mwenyewe kwenye mkoba, nikapanda treni ya SGR, siviachii. Kibali cha CITES kinatakiwa kile kile chenyewe, kopi ya rangi hata iwe nzuri vipi haitambuliki kule mzigo unakokwenda.

Ukifika uwanja wa ndege kuna jambo moja la mwisho ambalo hata makampuni makubwa yanalisahau. Kwenye fomu ya kawaida ya CITES, chini huko, kuna kisanduku namba 14, pale afisa anayekagua mzigo unapotoka anaandika idadi halisi iliyotoka, tarehe, anasaini na kugonga muhuri. Kibali kikiondoka kisanduku kikiwa kitupu, kwa wenzetu ni sawa na kibali ambacho hakijatumika, Marekani kwa hili hawana mchezo kabisa, wanaushikilia mzigo. Afisa ana foleni, kuna joto, ndege inaondoka, ni rahisi kusahau. Simama pale kwa adabu, mwambie "Kaka samahani, naomba tumalizie na hapa chini." Na kama ulipewa kibali cha vipande vinne na umetoa vitatu, ahakikishe imeandikwa 3.

Ikishagongwa muhuri piga picha kibali mbele na nyuma, piga na TANSAD iliyotoka, mtumie mteja zote pamoja na namba ya AWB, ile hati ya mzigo wa ndege, kabla ndege haijatua. Kopi zako weka kwenye faili moja na risiti za shamba au kibali cha uwindaji. Yule kijana wa mayai karudi jana, kapata shamba lenye leseni na wamekubali kumuuzia maganda kwa risiti, sasa anasubiri majibu ya wizara na nimemwambia akimaliza kuchora asifunge boksi mpaka daktari ameliona.